Chaneli Mbovu Waliyopewa Wapimaji

Haijulikani nani alianza kumwita Bi Mita, lakini hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Mita ya umeme, ile yenye waya mmoja mwekundu na mwingine mweusi, ilikaa mkobani mwake pamoja na leso na funguo, na haikukaa humo kwa mapambo. Akinunua betri za tochi alizipima palepale kaunta, mbele ya foleni, muuza duka akimkata jicho. Akinunua kilo ya sukari aliipima tena nyumbani kwa mizani yake, kisha akaanza kuitilia shaka mizani yenyewe, akaipima kwa pakiti ya chumvi, na kabla hajaanza kuishuku chumvi mumewe alimwambia sasa basi, chai inapoa. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu asiye na haraka, na kila mteja mpya alimsimulia kwamba siku ya ndoa yao mwanamke huyu alimwomba kitambulisho yule aliyewafungisha. Wateja walicheka wakidhani ni utani. Haukuwa utani.

Kwa miaka thelathini na sita Bi Mita alikuwa fundi wa mitambo katika studio ya kurekodi muziki, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kuta zilivikwa zulia kuukuu ili sauti isirudi, na katikati ilikaa mikisa ya kuchanganyia sauti, kubwa kama kitanda cha watu wawili, chaneli ishirini na nne zimebanana bega kwa bega. Watu wa studio waliiita Meza tu. Kila chaneli ilikuwa na ikwalaiza yake, yaani vitufe vitatu vya kuzungusha: kimoja cha sauti nene za chini, kimoja cha katikati, kimoja cha sauti kali za juu. Mwimbaji anayeimbia puani unampunguzia katikati. Ngoma iliyolala unaiinua chini. Kazi inasikika nyepesi, na ni nyepesi, mradi kilichoandikwa kwenye kitufe ndicho kinachotokea ndani.

Kuhakikisha hilo ndiko kulikuwa maisha ya Bi Mita. Ndani ya kila ikwalaiza mna kapasita, vidude vidogo mfano wa punje za maharage, na vidude hivyo hukauka kwa uzee. Kikikauka kimoja, kitufe kinaanza kusema uongo: umezungusha kwenye namba tatu, sauti imepanda kwingine kabisa. Bi Mita alikuwa akiagiza vipuri vya asili, akisubiri miezi, na vikifika alivipima kimoja kimoja kama mtu achambuaye mchele. Katika kumi alikubali kimoja au viwili. Vilivyobaki alivirudisha na barua kali.

Sasa, miaka minne iliyopita, walikuja wapimaji. Walikuwa wanaume wawili wageni wenye viatu safi mno, wametumwa na kampuni inayotengeneza plagini. Plagini, kwa asiyeijua, ni programu ya kompyuta inayojifanya mtambo. Unafungua, unaona kwenye skrini picha ya ikwalaiza, vitufe vimechorwa, skrubu zimechorwa, hata mikwaruzo imechorwa, na ukizungusha kitufe cha picha eti sauti inabadilika vilevile kama kwenye mtambo wenyewe. Kampuni hiyo ilitaka kuiiga Meza, kwa kuwa Meza za namna ile zilikuwa zimebaki chache duniani. Mwenye studio wakati huo alikuwa Mzee, mtu mkarimu kupita kiasi, na aliwapokea kwa mikono miwili.

"Tutapima chaneli moja," mmoja wao alisema kupitia mkalimani.

"Moja?" Bi Mita aliuliza. "Na hizo ishirini na tatu?"

"Zitakuwa sawa na hiyo."

Hapo machale yakamcheza. Bi Mita alizijua zile chaneli kama mama ajuavyo watoto wake. Hata zikiwa na afya zote, ya nne ilikuwa na ukali kidogo juu, ya tisa ilikuwa nzito, ya kumi na saba ilihitaji kupashwa moto robo saa ndipo ikae sawa. Mtu anayekuja kupima mmoja kisha akaondoka akitangaza kwamba ameipima familia nzima, huyo kwake alikuwa tapeli tu, awe na viatu safi namna gani. Tena aliona watauza sauti ambayo yeye ameilea kwa miaka, na jina lake halitatajwa popote. Kwa hiyo Mzee alipomwambia, "Fundi wangu, wachagulie iliyo bora," Bi Mita aliwachagulia ya kumi na mbili.

Ya kumi na mbili ilikuwa mbovu. Kapasita yake ya katikati ilikuwa imekufa zamani, ya asili haikupatikana, naye akachomekea nyingine aliyoing'oa kwenye redio mbovu, pamoja na koili, yaani msokoto wa waya, ya redio hiyohiyo, ili mambo yaende wiki moja. Wiki ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, maana chaneli ile ilikuwa imeachiwa maikrofoni ya kuongelea, ile anayotumia mrekodi kumwambia mwimbaji "rudia tena". Nani ajali utamu wa "rudia tena"? Kitufe chake cha katikati kikiwekwa namba tatu kilipandisha sauti chini kabisa ya hapo, na besi yake ilikuwa imevimba kama mguu ulioumwa na nyuki.

"Hii ndiyo bora kuliko zote," aliwaambia wapimaji bila kupepesa macho.

Walipima siku tatu. Bi Mita aliketi nyuma yao siku zote tatu, hakutoka hata kwenda kula, akihesabu waya walizochomeka na waya walizochomoa. Walipiga picha nyingi, wakashukuru sana, wakaondoka. Jioni alimsimulia mumewe, akicheka hadi machozi. Mumewe hakucheka.

"Mimi nikimkatia mtu suruali kwa vipimo vya mtu mwingine," alisema akitunga uzi, "itarudi kwangu tu, hiyo suruali."

"Hawa hawatarudi. Wamekuja kuiba, wameiba kibovu. Shauri yao."

Baada ya hapo miguu ya Mzee ilikataa ngazi, na studio ikaenda kwa bintiye. Binti huyu alikulia chini ya Meza. Usingizi wa mchana aliulala juu ya marundo ya waya, na meno yake ya utoto mawili yaling'oka mle chumbani. Alipoanza kusema alimwita Bi Mita shangazi, na hakuna aliyemfundisha. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mrekodi mwenye masikio makali, na wafanyakazi walimwita Bosi, ila yeye aliendelea kumwamkia fundi wake "Shikamoo, shangazi" kila asubuhi. Bi Mita hakuwa na mtoto wa kike. Hilo hakulisema kwa mtu, lakini "marahaba" yake ilikuwa ndefu kuliko anayowapa wengine.

Plagini ilichelewa kutoka. Ilipotoka, ilienda mbio. Watu wa nchi wasizozijua waliandika mtandaoni kwamba ina joto, ina utamu, kwamba hatimaye mtu asiye na Meza anaweza kuwa na Meza. Mpokea wageni wa studio alimsomea Bi Mita sifa hizo, na Bi Mita akakaza midomo asicheke. Joto gani? Lilikuwa joto la redio mbovu. Alijiona amewapiga chenga ya mwaka, na kwa wiki mbili alikuwa na raha isiyo na kifani.

Jumatatu moja Bosi alimwita chumbani.

"Shangazi, kaa hapa katikati. Sikiliza hii."

Spika zilitoa sauti ya mwanamke akiimba peke yake, bila ala. Sauti ilikuwa karibu, nzito kwa chini, laini.

"Na hii sasa."

Mwanamke yuleyule, maneno yaleyale. Safari hii sauti ilikuwa wazi, imesimama wima, kila herufi mahali pake. Bi Mita aliitambua mara moja.

"Hii ya pili ni chaneli ya nne," alisema.

"Ndiyo. Ya kwanza ni plagini. Vitufe nimeviweka namba zilezile. Umesikia tofauti?"

"Nimesikia. Hiyo plagini ni ya uongo."

Bosi alizungusha kiti, akamtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Bi Mita wasiwasi. "Nilijua utasema hivyo. Nimejaribu chaneli za kurekodia, ya nne, ya sita, ya tisa, mpaka ya ishirini. Zote hazina ule mlio. Meza imeupoteza, shangazi."

"Mlio gani?"

"Mlio wa Meza."

"Mwanangu, unampima mtu kwa picha yake?"

"Kama picha ni ya zamani na mtu ameugua, ndiyo. Hawa waliipima Meza miaka minne iliyopita, kwa mashine, na wewe ulikuwepo. Tangu siku hiyo umebadilisha vipuri kwenye chaneli ngapi?"

Zilikuwa kumi na nane.

"Sikulaumu," Bosi aliendelea. "Ulifanya kwa mapenzi. Lakini kila ulipobadilisha, umeisogeza kidogo. Leo si Meza tena, ni vipuri vyako. Kuna bwana anajenga hoteli, anaitaka aifanye kaunta ya mapokezi. Ataiwekea kioo juu. Lori linakuja Jumamosi."

Bi Mita aliinuka bila kuaga. Alishuka ngazi ameshika ukuta. Kuachishwa kazi angekuvumilia. Alikuwa na umri wa kutosha na mume mwenye cherehani. Kilichomchoma ni kwamba hesabu ya miaka thelathini na sita ilikuwa imefungwa kwa maneno matatu, ni vipuri vyako. Yeye aliyeiponya Meza sasa ndiye aliyeiua, na shahidi wa mashtaka alikuwa kidudu cha kompyuta alichokilisha uongo mwenyewe.

Kesho yake hakulala kwenye huzuni. Alilala kwenye shaka, na shaka kwake ilikuwa ni kazi. Alijiambia kwamba haiwezekani vichwa maji wale wawe wameiga kitu sawasawa. Yawezekana hiyo plagini haifanyi lolote ila kuongeza sauti kidogo, maana kila mtu wa studio anajua ukiongeza sauti kidogo mteja atasema sasa imekuwa tamu. Au vitufe vilivyochorwa ni mchoro mtupu. Jumatano mchana Bosi alipokuwa akitoka kwenda kumwona baba yake, Bi Mita alimwomba ruhusa ya kutumia kompyuta, na alipobaki peke yake akafunga mlango, akatoa mita.

Alisawazisha sauti kwanza ili asidanganywe na ukubwa. Kisha akapitisha milio kwenye plagini, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule mnene unaotikisa suruali hadi ule mwembamba ambao masikio yake hayakuusikia tena, bali mita iliusikia. Kila mlio aliuwekea nukta kwenye karatasi yenye miraba. Alipomaliza akaunganisha nukta kwa penseli. Kilima kilitokea kushoto kwa namba tatu, mbali kushoto. Besi ilikuwa imevimba. Na kati ya besi na kilima palikuwa na kibonde kidogo, kibonde ambacho katika dunia nzima kingeweza kutoka mahali pamoja tu, kwenye ile koili ya redio.

Akahamia kwenye Meza, akaipima ya kumi na mbili kwa milio ileile, juu ya karatasi ileile. Penseli ilipita palepale ilipopita mwanzo. Kilima juu ya kilima, kibonde ndani ya kibonde. Alijaribu kupandisha sauti hadi mtambo uanze kukwaruza, akiamini hapo angalau watakuwa wamechemsha, lakini plagini nayo ilikwaruza, tena ikaanza kukwaruza palepale. Hata kile kivumo cha mbali kabisa, ambacho yeye alikijua kwa sababu alikuwa akikichukia, kilikuwemo.

Bi Mita aliweka penseli chini. Wezi wale walikuwa waaminifu kuliko yeye.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulifanya: aliipitisha sauti ya yule mwimbaji wa Jumatatu kwenye ya kumi na mbili, akasikiliza bila mita. Ilikuwa nzuri. Alirudia akitafuta ubaya wake, akaupata kwenye karatasi, masikioni hakuupata. Akazima kila kitu kwa hasira, akajiambia uzee umeingia masikioni. Hakujiamini hata katika hilo.

Nyumbani mumewe alikuwa akipindia suruali, pini mbili mdomoni.

"Mwambie," alisema baada ya kusikia yote na kuzitoa pini. "Neno lenyewe ni moja: niliwapa kibovu. Basi, lori linarudi tupu."

"Wewe unaona rahisi. Akijua nilimdanganya baba yake, nikawadanganya wageni, nikamwacha yeye miaka minne anaamini, ataamini nini tena kinachotoka kwangu?"

"Kwani sasa hivi anaamini nini?"

"Anaamini nimeiharibu kwa mapenzi."

"Unataka abaki na hilo?"

Bi Mita alichukua suruali mezani, akaikagua mishono, akakuta mmoja umekwenda upande, akamwonyesha mumewe. Mumewe aliufumua. Alikuwa amezoea kwamba mke wake akikosa jibu hutafuta kosa.

Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde. Alimwambia Bosi yote akiwa amesimama, kuanzia viatu safi hadi koili ya redio, na akamwekea karatasi mbele. Bosi hakumkatiza. Alipomaliza, Bosi alichomeka waya kwenye ya kumi na mbili, akacheza sauti ya mwimbaji, kisha akacheza plagini, kisha Meza, kisha plagini. Hapakuwa na tofauti hata ya kusingizia.

"Umeona, mwanangu," Bi Mita alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alivuta pumzi hadi chini.

Bosi aliendelea kuitazama karatasi. "Jana nilipotoka, ulikuwa humu na nani?"

"Peke yangu."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Niliufunga."

"Na ukitaka, unaweza kuifungua chaneli yoyote ukaifanya iseme unavyotaka wewe. Saa moja inakutosha?"

Bi Mita alielewa swali linaelekea wapi, na jibu la kweli lilikuwa linamkaanga. "Nusu saa," alisema.

"Basi unaniambia niamini kwamba ya kumi na mbili iko hivi tangu zamani, wakati jana mchana ulikuwa umejifungia nayo, na Jumamosi lori linakuja. Na anayeniambia ni mtu ambaye dakika tano zilizopita amekiri kwamba ni mwongo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungekuwa wewe, shangazi, ungeamini?"

"Nisingeamini," alisema Bi Mita.

Bosi alikaa kwenye kompyuta akawaandikia wapimaji. Aliwauliza swali moja tu, kwamba walipima chaneli gani na wana ushahidi gani, na mengine hakuwagusia. Kisha akatoa watu wote chumbani, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwake. Bi Mita alishinda mapokezi siku hiyo, kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani. Mpokea wageni alimpa gazeti. Alikaa nalo hadi jioni akiwa amelishika juu chini.

Ijumaa yule bwana wa hoteli alikuja kabla ya lori lake, na futi ya chuma mkononi. Aliipima Meza urefu, akapima upana, akauliza kama vitufe vinaweza kung'olewa vyote, maana mikoba ya wageni itanasa. Bi Mita aliyasikia hayo kupitia mlango ulioachwa nusu wazi. Alikuwa tayari kuamini lolote baya: kwamba Bosi hakuandika barua yoyote, kwamba chumba kimeshapangishwa, kwamba wapimaji wakiulizwa watakana ili plagini yao isiaibike. Kwa nini waseme kweli? Angekuwa yeye angekana.

"Shangazi," Bosi aliita. "Njoo uone."

Jibu lilikuwa kwenye skrini. Wapimaji walikuwa wametuma faili zima la siku zile tatu, kila mstari, kila saa, na juu yake namba kumi na mbili. Chini ya hapo palikuwa na picha. Walikuwa wameitoa chaneli nje wakapiga ubao wake wa ndani kwa karibu, na kapasita ya redio ilionekana wazi, nyekundu katikati ya ndugu zake wa kijivu. Kando yake palibandikwa kipande cha plasta ya dawa kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: *Si kipuri chake. Cha muda tu. Kibadilishwe.* Na tarehe, miaka mitatu kabla wapimaji hawajakanyaga ngazi zile.

Mwandiko ulikuwa wake. Bi Mita hakukumbuka kuandika, ila hapakuwa na haja ya kukumbuka. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, kila cha muda akikitia alama, halafu plasta ikaanguka siku moja ikafagiliwa, na yeye akakisahau kama alivyoisahau chaneli yenyewe.

"Wanauliza kitu," Bosi alisema akiendelea kusoma na kufasiri. "Hawajui lugha yetu. Wanasema siku zote walitamani kujua hayo maneno yana maana gani. Walidhani ni sahihi ya aliyeiunda. Na wanasema..." Alishusha ukurasa. "Wanasema wanamshukuru sana yule fundi aliyewapa chaneli bora kuliko zote. Wanasema hawajawahi kupokewa kwa moyo mweupe kiasi kile."

Bi Mita aliona aibu. Alikuwa ameketi nyuma ya watu wale siku tatu akihesabu waya zao, nao walikuwa wakimwona mwema.

Bwana wa hoteli alikohoa akauliza kama vitufe vinang'oka au having'oki.

"Samahani, mzee wangu," Bosi alimwambia. "Haiuzwi."

Bwana alilalama kidogo, akataja lori, akataja fundi wa vioo aliyekwisha kumpa oda, kisha akaikunja futi yake akashuka ngazi. Wakabaki wawili. Bosi aliipapasa Meza kwa kiganja, kuanzia chaneli ya kwanza hadi ya mwisho, taratibu.

"Kwa hiyo hizi ishirini na tatu ni nzima," alisema.

"Ni nzima. Pima mwenyewe."

"Nitapima."

"Na hiyo ya kumi na mbili nitaitengeneza leo leo. Kipuri chake ninacho, nilishakipata mwaka juzi."

"Usiiguse." Bosi hakugeuka. "Na hao watu utawajibu mwenyewe, uwaambie hayo maneno yana maana gani. Nitasoma kabla hujatuma. Jumatatu njoo saa tatu. Tutazifungua zote, moja moja, mimi nikiwepo. Funguo zako za chumba niachie mapokezi. Sawa, fundi?"

"Sawa," alijibu Bi Mita.

Alifika nyumbani jua bado kali. Mumewe alikuwa barazani na cherehani yake, akishona shati la mtu, na alipomwona alipunguza mwendo wa kanyagio bila kusimamisha.

"Meza?"

"Imebaki."

"Lori?"

"Halitakuja."

"Na kazi yako?"

"Ipo. Jumatatu saa tatu."

"Sasa mbona umekuja na sura ya msiba? Si umeshinda?"

Bi Mita alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Ameniita fundi," alisema.

Mumewe aliondoa mguu kwenye kanyagio.